Msituambie kura ya chama kidogo imepotea

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyama vidogo yamenikera, na naomba nafasi niyajibu. Mwandishi alidai kwamba anayempigia kura mgombea wa chama cha mazingira anaitupa kura yake, maana mgombea huyo hata akishinda atakuwa mmoja kati ya wengi na hatapitisha mswada wowote. Nasema hapana. Ushahidi wangu nautoa Tasmania, kisiwa ambacho ni mojawapo ya majimbo ya Australia. Huko wanamazingira wamekaa katika bunge la jimbo tangu 1983, mara zote wakiwa wachache, na waliyoyafanya yanajulikana.

Machi 1972 watu walikutana katika ukumbi wa mji wa Hobart wakiwa na uchungu kwamba Ziwa Pedder linafunikwa na maji ya bwawa la umeme. Wakaunda kundi la kisiasa, United Tasmania Group, ambalo wengi hulitaja kuwa chama cha kwanza cha mazingira duniani. Katika uchaguzi wa mwaka huo hawakuambulia kiti, na ziwa likazama. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya mto Franklin. Zaidi ya watu 1,200 walikamatwa kwa kuziba njia ya wajenzi wa bwawa, akiwemo daktari mmoja, Bob Brown. Januari 1983 alitoka gereza la Risdon na kuingia moja kwa moja bungeni.

Jinsi alivyoingia ndiyo inayonigusa. Katika uchaguzi wa baraza la chini la Tasmania mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Mbunge akijiuzulu, karatasi zilezile za kura zilizompa kiti huhesabiwa upya, ili ijulikane waliomchagua walimweka nani nyuma yake. Brown alikuwa amegombea mwaka 1982 akashindwa. Mbunge Norm Sanders alipojiuzulu, karatasi zikafunguliwa, kiti kikamwangukia Brown. Kura ambazo mwandishi wenu angeziita takataka zilikuwa zimehifadhiwa, na siku ilipofika zikampa mtu kazi. Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Australia iliamua, majaji wanne kwa watatu, kwamba serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kulizuia bwawa hilo. Franklin unatiririka hadi leo.

Sasa tuje kwenye miswada. Mwaka 1987 Brown alipeleka bungeni mswada wa kupiga marufuku bunduki za nusu otomatiki. Vyama vikubwa, Labor na Liberal, vilivyokuwa vikirushiana maneno kila siku, viliungana kuuangusha. Aprili 28, 1996, mtu mmoja mwenye silaha za aina hiyo aliwaua watu 35 Port Arthur, kisiwani humohumo. Siku 12 baadaye serikali ya shirikisho na za majimbo yote zilikubaliana kuzipiga marufuku. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba sheria ya 1987 ingewaokoa wale 35, na sitaki kuwatumia marehemu kushinda mabishano. Lakini mtu asiniambie kwamba aliyesimama na mswada huo miaka tisa kabla alikuwa anapoteza muda wa bunge. Alikuwa akifanya kazi ambayo wengi waliikataa.

Wachache wakiongezeka kidogo, wakubwa huanza kuwahesabu. Uchaguzi wa 1989 uliwapa wanamazingira viti vitano kati ya 35, na Liberal ikakosa wingi. Mfanyabiashara Edmund Rouse, mwenye vyombo vya habari na mwenyekiti wa kampuni ya mbao ya Gunns, alijaribu kumhonga mbunge wa Labor, Jim Cox, dola 110,000 ili ahame upande na serikali ya Liberal isianguke. Cox alikwenda polisi, Rouse akafungwa. Pima mwenyewe, Mhariri: kama viti vitano havina maana, dola hizo zote zilikuwa za nini? Labor ilitia sahihi makubaliano na wale watano ikaunda serikali. Eneo la urithi wa dunia la nyika za Tasmania likapanuliwa mwaka huo hadi karibu hekta milioni 1.38, yaani kama moja ya tano ya kisiwa. Wananchi wakapata pia sheria ya haki ya kupata habari za serikali. Mwaka 1990 makubaliano yalivunjika kwa sababu ya magogo na misitu.

Jambo ambalo wasomaji wenu wanahitaji kulijua zaidi ni la 1998. Tasmania ina maeneo matano ya uchaguzi, na kila eneo lilikuwa likitoa wabunge saba. Kwa hesabu yao, mgombea alihitaji asilimia 12.5 ya kura za eneo lake kupata kiti. Labor na Liberal wakakubaliana kupunguza wabunge kutoka 35 hadi 25, watano kwa kila eneo. Mwananchi wa kawaida hushangilia akisikia wabunge wamepunguzwa, na mimi ningeshangilia. Ila kizingiti kilipanda hadi asilimia 16.7. Uchaguzi ukafanyika Agosti mwaka huohuo. Chama cha Kijani, yaani chama cha wanamazingira hao, kilipata takriban asilimia 10 ya kura za jimbo zima, na kutoka viti vinne kikabaki na kimoja, cha Peg Putt. Mtu mmoja kati ya kumi aliwapigia kura, lakini walipewa kiti kimoja kati ya 25. Hapo kura zilipotea kweli, ila aliyezipoteza si mpiga kura.

Putt hakukaa kimya, na 2002 chama kilirudi na wabunge wanne. Mwaka 2007 serikali ya jimbo ilipeleka sheria ya pekee ili kiwanda cha karatasi cha Gunns kisisubiri tume huru iliyokuwa ikikichunguza. Labor na Liberal wakaipitisha, wale wanne wakaipinga. Walishindwa kwa kura, kama kawaida. Lakini upinzani nje ya bunge ulikuwa na sauti ndani, na maswali yao hayakukoma. Septemba 2012 Gunns ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na kiwanda hakikujengwa kamwe.

Sidai kwamba walifanikiwa kila mahali. Mwaka 2010 Nick McKim aliingia katika baraza la mawaziri la Labor, waziri wa kwanza wa Chama cha Kijani nchini Australia, na Cassy O'Connor akamfuata. Januari 2014 waziri mkuu wa jimbo aliwaondoa wote wawili uchaguzi ukiwa mlangoni, na chama kikashuka kutoka viti vitano hadi vitatu. Serikali mpya ikafuta sheria ya amani ya misitu iliyopitishwa 2013 kumaliza ugomvi kati ya wakata magogo na wanamazingira. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi kuingia serikalini, ingawa bei waliyolipa ilikuwa kubwa. Ilichukua hadi uchaguzi wa Machi 2024 kwa baraza kurudishwa kwenye viti 35, baada ya kelele za miaka mingi, hasa za wabunge hao wachache. Mara hiyo wakapata vitano tena.

Kwa nini mkazi wa Nyeri ayajali haya? Kwa sababu Wangari Maathai alikuwa mbunge wetu wa Tetu. Aliingia mwaka 2002 kwa wimbi la muungano wa NARC, akawa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2007, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel ya Amani, aligombea kwa Mazingira Green Party akashindwa. Kwetu anayeongoza katika eneo bunge huchukua kiti, na karatasi za walioshindwa hazimsaidii mtu tena. Kwenye bunge la kaunti ni vivyo hivyo: mwakilishi wadi ni mmoja kwa kila wadi, na hata viti vya uteuzi hugawiwa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda. Chama chenye kura chache katika kila wadi hakipati kitu, hata kura hizo zikijumlishwa zikawa maelfu. Huu ni utaratibu uliowekwa na watu, na unaweza kubadilishwa. Kumtupia mpiga kura lawama ni kumwonea.

Nina maombi mawili kwenu. Mnaporipoti vikao vya bunge la kaunti, tuandikieni pia hoja zilizoangushwa: nani aliileta, ilihusu chemchemi gani au msitu upi, na nani aliipinga. Na mjadala wa kubadilisha mipaka na idadi ya viti ukija, msiishie kutuambia tutaokoa shilingi ngapi. Fanyeni hesabu ya vizingiti mtuchapishie, kabla sheria haijapitishwa.

Msomaji wenu,
Nyeri