Kabla hujanunua dawa za kusafishia, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Kamwene, kama wanavyosalimiana huko Iringa. Huku Mbeya hatujambo, ila baridi imeanza kung'ata.

Umeniuliza ununue dawa gani za kusafishia nyumba mliyohamia. Nunua siki nyeupe chupa moja, beking soda pakiti mbili, mche wa sabuni na jiki chupa ndogo. Majivu unayo jikoni. Ila kwanza toa vitu ndani, maana kufuta vumbi kwenye makorokoro ni kulihamisha tu.

Anzia uvunguni mwa kitanda. Weka magunia matatu: la vinavyobaki, la kugawa na la kutupa. Shika sehemu moja kwa siku, hata droo moja, na uimalize. Ukimwaga nyumba nzima sakafuni Jumamosi asubuhi, usiku wajukuu wangu watalala juu ya lundo. Ndoo zilizopasuka, makopo yasiyo na vifuniko na chaja ambazo hata hujui zilikuwa za simu gani, ziende. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sasa unaitunzia nini? Kitu kikikushinda kuamua, kitie kwenye boksi, andika tarehe juu, funga. Miezi 3 ikipita hujalifungua, ligawe bila kuchungulia. Vyeti, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja haziingii humo kamwe.

Nguo nzito usizipunguze Desemba. Wakati huo kila sweta ni mzigo, halafu Juni ikifika unarudi kwenye mitumba kununua mengine. Chambua mwezi wa tano: kila mtoto avae sweta lake mbele yako, na mkono ukiishia juu ya kifundo, limpe mdogo wake.

Kuhusu ule weusi wa nyuma ya kabati. Hiyo ni fangasi, na chakula chake ni unyevu. Pumzi za watu, sufuria zinazochemka na nguo mnazoanika sebuleni mvua ikinyesha, vyote vinatoa mvuke, na mvuke ukikuta ukuta wa baridi unageuka maji. Kabati likibana ukuta hewa haipiti, maji hayakauki. Basi livute mbele sentimita 10 hivi, na kila siku jua likishatoka fungua madirisha yanayotazamana dakika 15. Ukuta wa rangi ya mafuta upulizie siki tupu, isiyo na maji, acha saa nzima, sugua, ufute mpaka ukauke. Usisugue ukavu, utairusha hewani muivute puani. Ukuta wa chokaa usiuguse na siki, asidi inakula chokaa. Huo tumia brashi na maji ya sabuni. Na ukisikia mtu anakushauri kukausha chumba kwa jiko la mkaa, kataa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Siki ni asidi, kwa hiyo inafaa palipo na utando mweupe wa maji, kama ndani ya birika. Jaza siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Kwa vioo, kikombe kimoja cha siki na kimoja cha maji, futa kwa gazeti. Sakafu ya saruji au terazo usiipige siki, itapauka na kukwaruzika. Sufuria ya alumini ni kinyume chake: majivu, magadi na beking soda ndivyo vinavyoitia weusi. Jaza maji, kamulia malimau mawili, chemsha dakika 10, itang'aa. Mnapopikia kuni, ipake sabuni ya mche kwa nje kabla ya kuibandika, masizi yatatoka kwa maji tu.

Utasikia watu wanachanganya siki na beking soda kwenye chupa moja wakiita dawa ya kila kitu. Mapovu yakiisha, kilichobaki ni karibu maji ya chumvi tu, na chupa ikifungwa mapema inapasuka. Mapovu yenyewe yanafaa kidogo kwenye sinki: nusu kikombe cha beking soda, kikombe cha siki, subiri dakika 15, mwaga maji ya moto yasiyochemka, maana bomba la plastiki hulegea. Nywele hazitoki kwa njia hiyo, zivute kwa waya. Na kwa baridi ya nyanda zetu sinki linaziba hasa kwa mafuta ya kupikia yanayoganda bombani. Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, utaona tofauti.

Jiki ndiyo inayonitia wasiwasi. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya baridi vinatosha kufutia meza na vitasa, baada ya kuosha uchafu kwa sabuni. Changanya ya siku hiyo tu, nguvu yake inaisha. Usiichanganye na siki, limau wala dawa ya kutoa ukoko wa choo, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usiimwage kwenye choo cha shimo pia, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya. Humo mwaga majivu, kopo moja kila jioni, harufu inapungua.

Usitie dawa yoyote, wala mafuta ya taa, kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haulizi, anakunywa. Ikitokea, usimtapishe, msukutue mdomo, mkimbize zahanati, na chupa uibebe.

Mchele wa Kyela kilo 25 unakuja Jumamosi kwa basi, mwambie mkwe wangu aupokee Ipogolo. Usiuache kwenye gunia sakafuni, panya wanakusubiri. Katika zile ndoo unazotaka kutupa, bakiza mbili zisizopasuka, zenye vifuniko vinavyobana, uumimine humo.

Mama yako