Sikununua faiba

Matondoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na anasema Ijumaa iliyopita hukumpigia. Pesa ulizotuma za faiba, ile plastiki ya kuvika mashua yetu, nilizipata. Faiba sikununua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijamaliza.

Mashua tuliipandisha pwani kwa bamvua, maji yalipojaa sana, upepo wa kusi ulipoanza kukaza. Nilichukua kile kisu cha kumenyea mihogo nikawa nachoma ubao mmoja baada ya mwingine. Penye mti mzima kisu hugoma. Ubao wa tatu kutoka mkuku, ule uti wa chini wa mashua, upande wa kushoto, kilizama mpaka mpinini kama kimeingia embe bivu. Mataruma mawili nyuma yake, zile mbavu za ndani, nayo yameliwa.

Wewe ulisema tuifunike mashua yote kwa faiba, maji yasiingie tena. Lakini mbao hizi zimekunywa bahari tangu hujazaliwa. Mbao ikilowa hutanuka, ikikauka hunywea. Faiba haina habari hiyo. Ukikivika chombo kikuukuu namna hii, unyevu uliomo ndani hukosa pa kutokea, na maji ya mvua yanayotuama kwenye ngama, chini ndani ya chombo, hujipenyeza kati ya mbao na faiba. Nje inang'aa, ndani inaoza, na kisu changu hakifiki. Wala usidhani naichukia plastiki. Ile Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika tena, iliyoshushwa hapa Lamu mwaka 2018 nilikwenda kuitazama, na niliipenda. Lakini ile mkuku wake, mataruma yake na mbao zake, vyote ni plastiki. Haijavishwa juu ya maiti.

Basi nikang'oa ule ubao. Kiolezo nilikata kwa boksi la friji, nikakipeleka kwenye mbao ya mbambakofi niliyokuwa nimeiweka kivulini. Mataruma ndiyo yaliyonisumbua, maana taruma halipindwi. Hutafutwa mtini likiwa limeshapinda. Siku nne nazunguka natazama matawi ya mitondoo kama mwendawazimu, watoto wananifuata nyuma. Misumari nilinunua ya zinki. Kila msumari unautangulizia tundu kwa keekee ya kutobolea, mbao isipasuke, kisha unauzungushia shingoni uzi wa pamba uliochovywa mafuta ya sifa, yale ya papa, ndipo unaupiga. Hapo maji hayafuati msumari kuingia ndani. Nyumba nzima ilinuka papa, mamako akanihamishia barazani.

Sasa kosa langu, ulisikie kwangu kabla hujalisikia mtaani. Mashua ilikaa juani wiki nyingi, nyufa zikafunguka hata kidole cha mtoto kinapita. Nikapiga kalafati kwa hamu, naziba nyufa kwa pamba, nagonga mpaka haishindiliki tena, na nusu ya ubavu nikaimaliza siku moja. Jirani yetu fundi akapita, akainama, akacheka. "Ukiishusha hii, itatapika misumari." Kweli tupu. Mbao zikilowa zingetanuka, na pamba imejaa hakuna nafasi. Kitu kingekuwa hakina budi kuachia. Nilitumia siku tatu kuichomoa pamba ile kwa ndoana na kuipiga upya, safari hii kwa mkono mwepesi. Kisha nikapaka shahamu, mafuta ya mnyama, na chokaa chini ya mstari wa maji, kama kawaida.

Pesa zako zimenunua kamba ya nailoni ya henza, ya kupandishia tanga, maana ile ya zamani ilikuwa inanikata viganja, na taa ndogo ya sola ya kufunga mlingotini. Nyaya kazifunga mamako. Mimi nilizifunga mara mbili haikuwaka.

Kazi ilipokwisha, tuliishusha bamvua iliyofuata. Usiku wa kwanza mimi na mdogo wako tulichota maji ya mashuani mpaka alfajiri, na nilimwona ananitazama kwa jicho la kusema "si angalisikilizwa kaka". Usiku wa pili tulichota mara mbili tu. Siku ya tatu niliingiza mkono ngamani nikatoa unyevu wa kupaka kucha, mbao zimeshashikana. Bado panavuja kidogo karibu na fashini, ule mti wa mwisho wa chombo. Nitapashika nikipata maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, na utulivu.

Chenji imo kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Ukija Idi nunua brashi mbili za inchi nne, hizi zangu zote zimeganda shahamu.

Babako