Mwanangu, Castle Park usipite usiku

Tanga, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Barua hii utaikuta chini ya sweta la kijani. Nimeandika kwa sababu kila nikianza kusema unanijibu, "Mama, hayo yameshapita," tunanuniana mpaka chakula kinapoa.

Hayajapita. Habari ya tarehe 3 mwezi huu niliisikia kwa jirani, na wewe ulikuwa nayo kwenye simu siku mbili nzima. Vurugu za wapinga wahamiaji zilikuwa Castle Park, hukohuko Bristol, Uingereza, unakokwenda, bustani ileile uliyonionyesha ukasema utakuwa unakatiza hapo. Ulinionyesha majani na mto. Hukuniambia kuwa lile kanisa lisilo na paa, la Mtakatifu Petro, lilipigwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940 na likaachwa gofu liwe ukumbusho. Nimesoma mwenyewe. Usipite hapo usiku. Na usiku wa huko usiupime kwa wetu: Desemba jua linazama saa kumi jioni. Maghrib inaingia saa ambayo sisi tunaswali Alasiri.

Lakini kinachoninyima usingizi si wale waliokuja kufanya fujo. Ni ile hoteli waliyoiendea, yenye watu waliokimbia kwao, na wale wakazi wa Bristol walioshikana mikono mlangoni kuwazuia. Nilipoiona picha nilianza kukutafuta wewe mle ndani, na huku uko jikoni unamenya muhogo. Nakujua. Ungesimama mstari wa mbele, na ushungi wako kichwani. Nilijisikia fahari nikaja kuogopa palepale. Mama, usisimame mbele. Kama nafsi imekataa kabisa, simama nyuma, karibu na njia ya kutokea.

Unasema kitu cha kwanza utakachokwenda kuona ni sanamu ya Colston, yule mfanyabiashara wa watumwa. Haya, nenda, maana sasa imo makumbusho ya M Shed, mna walinzi. Walimsimamisha mwaka 1895, miaka 174 baada ya kufa, kwa sababu aliacha mali kwa shule na maskini. Mali ile inajulikana ilikotoka: katika miaka aliyokuwa na kampuni ya Royal African Company, inakadiriwa Waafrika 84,000 walivushwa bahari, na 19,000 kati yao wakafia njiani. Tarehe 7 Juni 2020 watu wakamfunga kamba, wakamwangusha, wakamburura mpaka bandarini na kumtumbukiza majini karibu na daraja la Pero. Sasa amelazwa, rangi waliyompaka ingali mwilini. Mwangalie, kisha uondoke. Kile kitako kitupu cha sanamu mjini usikizungukezunguke. Watu wenye hasira wa pande zote mbili wanakijua kilipo.

Miaka 31 nilichora ile pembetatu ya biashara ya watumwa ubaoni. Bristol na Liverpool kona ya juu, Afrika Magharibi chini, Amerika kushoto. Mshale wa kwanza bunduki na vitambaa, wa pili watu, wa tatu sukari. Siku ile ya darasa la sita uliponyosha mkono ukauliza hao watu wa mshale wa pili walikuwa na majina gani, nilikwambia kaa, muda umekwisha. Muda ulikuwepo.

Mmoja nimemwona kwenye picha. Amezikwa Henbury, pembeni mwa jiji, kijana wa miaka 18 aliyekufa mwaka 1720. Jiwe lake limepakwa rangi, na juu wamechongwa malaika wenye nyuso nyeusi. Wamemwandika Scipio Africanus, jina la jemadari wa Kirumi. Alilopewa na mama yake halimo. Juni ileile ya 2020, Colston alipoangushwa, wakatokea watu wakaenda kulivunja jiwe la mtoto huyo. Pero naye, ambaye daraja lile la miguu la mwaka 1999 lina jina lake, alinunuliwa kule Nevis akiwa na miaka 12. Nenda Henbury mchana, na mwenzio. Msomee. Hilo la kumwombea nakuachia wewe.

Pale College Green, karibu na kanisa kuu, utamwona Mhindi wa shaba, Ram Mohan Roy. Alitoka Bengali, alipigania wajane wa kwao wasichomwe moto na maiti za waume zao. Akaja Uingereza, akaugua Bristol, akafa mwaka 1833, kaburi lake liko hukohuko. Watu wanamheshimu sana. Mimi sitaki sanamu, namtaka mtoto wangu.

Na usiniambie nakufundisha woga. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya jiji hilo ilikataa kuajiri weusi na Waasia kuendesha mabasi au kukata tiketi. Paul Stephenson na wenzake wakawaomba watu wasusie mabasi. Miezi minne, wakatembea kwa miguu, na tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Huko nako ni kusimama. Hilo ukilifanya sitakuzuia.

Ufunguo wa droo ya vyeti, ule mlioutafuta siku nne mpaka ukakaribia kukosa miadi ya viza, haukudondoka kisimani. Sasa uko mahali pake, juu ya kabati.

Fundi wa paa amekuja, anataka mabati manane, nimemwambia manne. Mdogo wako ada yake nimelipa nusu; usitume kitu mwezi wa kwanza, nunua koti zito, hilo la mtumba ulilochagua ni jepesi. Mbuzi mweupe amezaa majike mawili. Umeme umebaki uniti saba kwa hiyo friji nimeizima.

Corn Street, ukutani kwa jengo la Exchange, kuna saa yenye mishale miwili ya dakika. Zamani Bristol ilikuwa na saa yake, nyuma ya London kwa dakika kama kumi, na reli ilipokuja wakaongeza mshale wa London bila kuung'oa wao. Ukiipita, fanya hesabu ya kwetu. Sasa mko nyuma yetu saa mbili, mwisho wa Oktoba zitakuwa tatu. Ukiingia chumbani na kufunga mlango, nipigie, hata nusu dakika. Novemba, kwako ikiwa saa moja usiku, hapa ni saa nne, na mimi nitakuwa kibarazani, sijafunga geti.

Mama yako