Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na Bruno S.

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya muvi, habari zenu, na poleni na baridi ya Berlin. Najua taarifa ya mwaka huwa tunaanza na hesabu ila mwaka huu hesabu yenyewe fupi, hela tulianza nayo kidogo tukamaliza nayo kidogo zaidi, ada wamelipa wale wale wanaolipaga kila mwaka, mweka hazina atawasomea siku ya mkutano. Mimi nijibu ile lawama mnayonibebesha tangu mwezi wa tatu, kwamba mwenyekiti katupotezea mwaka mzima kwa mwigizaji mwenye muvi mbili.

Ni kweli, ni mbili. Yaani zile alizozibeba yeye mwenyewe. Jina lake Bruno Schleinstein ila kwenye muvi aliandikwa Bruno S. tu, kazaliwa 1932, mama yake alikuwa anauza mwili na alimpiga utotoni mpaka akapoteza kusikia kwa muda, akapelekwa vituo vya kulelea watoto, na kwenye hivyo vituo na hospitali za wagonjwa wa akili akaishia kukaa kama miaka 23, mingine humo ikiwa enzi za Manazi, ambapo mtoto wa namna yake kubaki hai tu ilikuwa bahati. Shule ya uigizaji hakuiona hata mlango. Alikuwa anaendesha foklifti kiwanda cha chuma hapa hapa mjini, na wikiendi anaingia kwenye zile nyua za ndani za maghorofa na akodiani yake (ndiyo, ile ile ya taarab) na vikengele, anaimba. Mwenyewe alikuwa anasema haimbi, eti anaupitisha tu wimbo.

Dairekta Mjerumani, Werner Herzog, akamuona kwenye dokyumentari ya 1970, akampa nafasi ya Kaspar Hauser, yule kijana aliyeibuka Nuremberg mwaka 1828, kuongea kwenyewe kwa shida, ikasemekana kakulia gizani kafungiwa. Kijana alikuwa na miaka 16 hivi, Bruno anacheza ana arobaini na kitu! Na unamwamini. Muvi ilitoka 1974, mwaka uliofuata ikabeba tuzo kubwa ya majaji kule Cannes, tamasha la muvi la Ufaransa. Ile sehemu ya profesa wa mantiki mnaikumbuka: kuna kijiji cha wasema kweli na kijiji cha waongo, mtu anakuja, una swali moja tu la kujua katokea kipi. Profesa ana jibu lake la kuzunguka mbuyu. Bruno kakaa pale, macho makavu, anasema yeye angemuuliza jamaa kama ni chura wa mtini, muongo atasema ndiyo, basi kashajulikana. Profesa akagoma, hiyo siyo mantiki. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu Stroszek ya 1977, usiku ambao projekta ilizima mara mbili na bado hakuna aliyeenda nyumbani. Herzog alikuwa kamwahidi Bruno nafasi kubwa kwenye muvi nyingine, Woyzeck, akageuka akampa mwigizaji maarufu Klaus Kinski, na kwa kujisikia vibaya akamwandikia Bruno hii nyingine ndani ya siku nne. Kachezea humo nyumba yake mwenyewe Bruno na vyombo vyake vya muziki. Sasa mama yetu mmoja (hajambo, anajijua) alisimama akasema huyu dairekta kamtembeza mgonjwa kama nyani wa sarakasi. Nusu nakubali. Ila kazini Bruno alikuwa akipandwa na uchungu wake anasimamisha kila kitu, anafoka weee, na watu wote na kamera zao wanamsubiri amalize, na mimi sijui wangapi kati yetu bosi amewahi kutusubiri hivyo.

Wale wanaosema haituhusu niwakumbushe ile sehemu ya Wisconsin, humo humo kwenye Stroszek. Bruno na wenzake wamehamia Marekani, wamechukua nyumba ya magurudumu kwa mkopo, anakuja kijana wa benki, mpole, tabasamu, samahani nyingi, tafadhali weka sahihi hapa. Bruno anamwambia Eva, mwanamke aliyehama naye, kwamba kule kituoni mtoto akikojoa kitandani alikuwa anasimamishwa ameshika shuka mikono imenyooka mpaka likauke, akishusha anapigwa, kila mtu anaona. Huku Marekani, anasema, wanakuumiza vile vile ila kwa adabu. Chumba kilikuwa kimya. Kila mmoja alikuwa anaifikiria bahasha yake, ile inayoanza na Mheshimiwa na kuishia na tarehe ya kuhama.

Baada ya hapo Bruno akarudi kwenye nyua zake na akodiani, akawa anachora pia, muvi kubwa nyingine hakupata. Alifariki hapa Berlin Agosti 2010, ana miaka 78. Kinski kaigiza zaidi ya 100 jamani, nusu yake hata yeye alikuwa anazitukana, sasa tungemchukua yeye mwaka ungetutosha kweli?

Mwaka ujao mtachagua nyie kwa kura, mimi sitii neno. Ukumbi wa kwanza umetupandishia bei kwa hiyo tunahamia kwa mwanachama mwenye sebule kubwa, mje na viatu vya ndani. Na aliyeazima diski ya Stroszek aniletee, kasha limerudi, nimelifungua, ndani kuna katuni ya watoto.