Mhadhiri aliye nyumbani naye ana saa za kazi

Mhariri,

Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, hadi vilipofunguliwa 1 Juni, mitaani mhadhiri aliyeonekana nyumbani alihesabiwa kuwa yuko likizo. Hakuwa likizo. Kuandaa masomo, kusahihisha na kusimamia tasnifu vyote vilihamia sebuleni, na kwa kuwa nyumbani hakuna geti la kufungwa jioni, kazi iliingia hadi usiku wa manane. Naviomba vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa viandike mwongozo wa kazi za nyumbani sasa, kungali shwari, na uzingatie hali ya huku nyanda za juu, si ya Dar es Salaam.

Mfano ni kurekodi somo. Machi na Aprili huku bado ni mvua, na mara nyingi hunyesha alasiri. Mvua ikipiga bati, sauti ya mwalimu haisikiki tena, na hakuna programu itakayoisafisha ikarudi sawasawa. Kurekodi ni kazi ya alfajiri, saa 11 hadi saa 1, kabla redio za majirani hazijawashwa. Chumba chenye godoro na mapazia kinafaa kuliko sebule tupu yenye mwangwi. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isivume ndani, na mtandao uzimwe: ikipigwa simu katikati, rekodi inaweza kukatika na dakika 15 zikapotea.

Ukubwa wa faili ndio unaoamua nani atasoma. Dakika 20 zikirekodiwa kwa ubora wa sauti wa kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban MB 19. Kwa kilobiti 32, ambazo zinatosha kwa mtu anayezungumza, hazifiki MB 5. Mwanafunzi aliyerudi kwao Makete au Ludewa, anayenunua bando la siku, ataipakua hiyo ya pili.

Saa 2 hadi saa 5 asubuhi ziwe za kuandika na kusahihisha, simu ikiwa chumba kingine. Maswali yajibiwe kwa saa moja iliyotangazwa, tuseme saa 10 jioni. Ukimjibu mmoja saa 5 usiku, kesho kundi zima litauliza saa 5 usiku.

Mapumziko nayo yaandikwe kwenye ratiba, vinginevyo hayatakuwepo. Kupalilia tuta la mboga nusu saa, kucheza bao barazani, kutembea kabla giza halijaingia, vyote hunyoosha mgongo na kutuliza akili. Kukodolea macho taarifa za wagonjwa na vifo si kupumzika, ingawa wengi tulikuita hivyo.

La mwisho ni baridi, na hili ni la hatari. Kuanzia Mei, anayekaa mezani muda mrefu hupoa haraka, akafunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikianza kuuma na usingizi kumjia, atadhani ni uchovu wa kusahihisha, kumbe anakata roho. Jiko libaki nje. Miguuni aweke chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, mabegani blanketi, na dirisha moja liwe wazi, kama tulivyoshauriwa pia kwa ajili ya korona.

Mhadhiri,
Mbeya