Karatasi ya kuruhusiwa isisahau matumbo

Mhariri,

Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo hapa Kisumu huruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo mengi kuhusu kidonda: usikiloweshe, rudi utolewe nyuzi. Kuhusu matumbo yenyewe, mara nyingi haambiwi neno.

Matumbo yakishikwashikwa wakati wa upasuaji hugoma. Utumbo mwembamba huamka kwa saa 24 hivi, ule mpana huchukua siku 2 hadi 3. Ndiyo maana muuguzi huuliza, "Umetoa hewa?" Dawa kali za maumivu kama mofini na kodeini hurefusha mgomo, na upungufu wa madini ya potasiamu mwilini vilevile. Kutembea wadini mapema husaidia; kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, hata kutafuna chingamu.

Choo kigumu siku za mwanzo nyumbani si ajabu, hasa kwa anayemeza kodeini. Maadamu anatoa hewa na hatapiki, apewe maji ya kutosha na papai, atembeetembee.

Wa kukimbizwa hospitalini ni yule ambaye tumbo limevimba, maumivu yanamkata na kuachia, anatapika nyongo ya kijani, hewa wala choo havitoki. Huenda makovu ya ndani yamegandisha matumbo na kuyakunja. Jambo hili laweza kutokea wiki chache baada ya upasuaji au miaka mingi baadaye, kwa hiyo kovu la zamani litajwe kwa daktari hata kama hajauliza. Hapo ndipo watu hununua dawa ya kuendesha tumbo kwenye kemisti au kumpiga mgonjwa enema, yaani kumtia maji ya sabuni kupitia njia ya haja kubwa. Dawa hiyo husukuma mahali palipozibwa, na utumbo ulioungwa juzi waweza kupasuka. Asipewe chochote mdomoni, hata uji. Hospitalini atawekewa dripu na mpira wa puani wa kutoa maji ya tumboni, na wengi hufunguka bila kisu. Lakini maumivu yakiacha kupumzika, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, huenda damu haifiki kwenye utumbo, na kungoja kuche ni kuacha kipande kioze.

Aliyekatwa utumbo na kuungwa ana hatari nyingine: kuvuja pale utumbo ulipoungwa, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Maumivu ambayo yangekuwa yanapungua huzidi.

Hospitali zichape dalili hizi kwa Kiswahili na Kijaluo, pamoja na simu ya wadi. Tena asomewe mama mkwe pia, maana mara nyingi yeye ndiye mpishi wa uji na mwamuzi wa enema.

Muuguzi wa upasuaji,
Kisumu