Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: zile njia mlizoagiza zifunguliwe ziko wapi?

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Pokea salamu kutoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Sisi wauza dagaa hatuna kawaida ya kuwaandikia wakubwa. Tukipata shida tunamalizana na mwenyekiti wa soko, akishindwa tunamwachia Mungu. Ila juzi watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, wamekuja kubeba friji yangu mchana kweupe, wapangaji wenzangu wakichungulia madirishani, na mimi deni lile sikulila. Liko Kongo. Kwa hiyo leo utanisamehe, Mungu nimemsumbua vya kutosha.

Yah: Njia za mizigo kwenda mashariki mwa Kongo.

Mheshimiwa, tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Jumuiya yako na wenzao wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam. Goma ilikuwa imeshachukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Taarifa ya kikao niliisoma yote, maana nina pesa ndani yake. Iliagiza vita visimame, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, na barabara kuu za mizigo zifunguliwe, tena zikatajwa kwa majina: Goma, Sake mpaka Bukavu, Goma mpaka Rutshuru na Bunagana, na usafiri wa Ziwa Kivu. Tulifurahi. Wiki moja baadaye Bukavu nayo ikaanguka. Uwanja wa ndege ukaja kuahidiwa tena Oktoba, safari hii Paris. Labda ufunguo wake unatunzwa Ulaya, sijui.

Huyo ninayemdai ni mama wa Bukavu, nimeanza naye biashara watoto wake wakiwa mgongoni. Tunapeana mali kauli, na hajawahi kunidhulumu hata shilingi. Waasi walipoingia mabenki yalifungwa, pesa ikapotea mjini. Kila nikimkumbusha ananitumia sauti WhatsApp: «Dada, univumiliye kidogo.» Namvumilia. Lakini mimi nani ananivumilia?

Tukaona tubadilishe njia. Desemba 2025 tulichanga watu kadhaa tukajaza Fuso, dagaa wa jua na kayabo kidogo, yaani samaki wa chumvi, kupitia Burundi kwenda Uvira, upande wa Kongo. Tarehe 4 marais wa Kongo na Rwanda wakasaini amani kule Washington. Mwaloni tuliangalia kwenye simu, hadi wapagazi wakashangilia. Haikuisha wiki, M23 wakaingia Uvira na mpaka ukafungwa. Gari letu likalala Bujumbura, mvua za Desemba unazijua. Dagaa akishika unyevu, ile rangi yake ya fedha inageuka manjano, halafu vichwa vinaanza kuachia. Ukifungua gunia linakupumulia joto usoni. Mzigo uliorudi ameuchukua mtu wa chakula cha kuku, na bei alitaja yeye.

Na barabara huku kwetu haina lawama. Juni 2025 tumefunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, foleni ya kivuko imekwisha. Sasa hivi tunawahi kwenda kukwama.

Kongo ilipoingia Jumuiya mwaka 2022 mlitutangazia kwamba soko letu limefika Bahari ya Atlantiki. Mwaka huo huo mkapeleka jeshi la Jumuiya, Desemba 2023 likaondoka. Likaja la SADC, vijana wetu wa Tanzania wakiwemo, nalo Machi 2025 likaambiwa basi. Najua utasema huna jeshi. Sikuombi jeshi.

Ila usidhani watu wa Mwanza amani tunaisikia redioni tu. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere aliwaleta Warundi hapa hapa mjini wazungumze. Hayakwenda vizuri, Julai mwaka huo Meja Buyoya akapindua serikali ya Burundi. Mzee hakukunja jamvi. Mazungumzo yakahamia Arusha, yeye akafariki katikati, Mandela akayapokea, mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Arusha, Mheshimiwa, mjini kwako! Leo majirani wetu wanapatanishwa Doha na Washington. Zile kumbi siku hizi zinapangishwa kwa harusi?

Mimi si mtaalamu, lakini nina wasiwasi wangu. Machimbo ya koltani ya Rubaya yako mikononi mwa M23 tangu 2024, na sijasikia mfanyabiashara wa koltani akilia kwamba mzigo wake umeoza. Madini yanapita, dagaa hawapiti. Labda tungekuwa tunauza kitu cha kutengenezea simu mngekuwa mmeshatuita kwenye kikao.

Ombi langu ni njia. Siombi fidia, ingawa ningeipata nisingeikataa. Siombi M23 na Kinshasa wapendane kesho. Naomba wewe, kwa cheo chako, uwaite wote wawili na Burundi na Rwanda pembeni yao, mchague njia moja kati ya zile zilizoandikwa Dar es Salaam, lori la chakula lipite kwa risiti moja ya ushuru. Siyo mwasi achukue chake, serikali ichukue chake, halafu na wa kizuizi cha barabarani naye ana watoto. Njia moja. Zote zikishindikana, moja. Hata ikiwa ya siku za soko tu, tutapanga magari yetu kwa zamu.

Ofisi moja ya huku nimeshaipelekea barua kama hii, nikaambiwa niache namba ya simu. Namba niliacha. Wewe ukitaka kunijibu, tuma kwa mwenyekiti wa soko, kibanda changu anakijua.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,

Mama Dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.